Waliochelewa kujiandikisha mbio za kilomita 10: niwapokeeje bila kuvuruga asubuhi ya tukio?

Mratibu10K

Wakuu salaam. Naomba ushauri, hasa kwa mnaojua kazi ya dawati la usajili.

Tunaandaa mbio za barabarani za kilomita 10. Kibali kinaruhusu wakimbiaji 600, na namba za kifuani zenye chipu ya kupimia muda tulizoagiza ni 600. Usajili ulifungwa juzi tukiwa na watu 410 waliolipa. Zimebaki siku 16. Tangu tufunge, maombi ya "naomba mniingize" hayakatiki, na wengine wanatuma pesa kabla hata ya kujibiwa.

Nafasi 190 zipo, kwa hiyo kuwakataa wote naona si haki. Ila fulana zimeagizwa kwa saizi za wale 410, wapima muda wanataka orodha kamili siku 3 kabla ya mbio, na dawati la asubuhi lina watu 6 tu wa kujitolea. Mbio zinaanza saa 1:00 asubuhi.

Nisogeze tarehe ya mwisho? Niruhusu watu kujiandikisha asubuhi ile ile? Na hawa waliotuma pesa bila fomu niwahesabu vipi?

Mama Orodha

Mkuu, tarehe usiisogeze. Ukitangaza "muda umeongezwa", wale 410 waliowahi wanaona hawakupata faida yoyote kwa kuwahi, na mwakani nao watasubiri. Acha usajili wa kawaida ubaki umefungwa, kisha fungua dirisha jingine kabisa la waliochelewa, lenye jina hilo, ada ya juu kidogo na vitu pungufu. Mtu achague akijua anachopata na anachokosa.

Kabla ya kulifungua, zigawe zile nafasi 190 sasa hivi, kwa namba:

1 hadi 410: waliowahi.
411 hadi 530: dirisha la waliochelewa, watu 120.
531 hadi 590: asubuhi ya mbio, watu 60, kama utaamua kuruhusu.
591 hadi 600: akiba ya namba zilizopotea au kuchanika. Hizi haziuzwi hata mtu akikusihi vipi.

Dirisha lifungwe siku 5 kabla ya mbio, saa 12:00 jioni, au nafasi 120 zikijaa, lolote litakalotangulia. Hapo unabaki na siku 2 za kusafisha orodha kabla ya kuipeleka kwa wapima muda, na utazihitaji zote. Kama bima yenu inakatwa kwa orodha ya majina, waulize leo tarehe yao ya mwisho. Ikiwa ni mapema zaidi ya hapo, dirisha lifuate bima.

Waliotuma pesa bila fomu: wape saa 48 za kujaza fomu. Ambaye hajajaza arudishiwe pesa yake siku inayofuata na nafasi iende kwa mwingine. Pesa pekee haina tarehe ya kuzaliwa, haina kundi la umri, haina namba ya mtu wa kupigiwa akianguka njiani. Usimwingize mtu kwenye orodha kwa sababu ya risiti tu.

Mkeka na Chipu

Naongezea upande wa kupima muda, maana makosa ya usajili wa kuchelewa huja kuonekana kwenye matokeo wakati kila mtu amesimama anasubiri.

Chipu zote 600 zisajiliwe kwenye mfumo mapema, hata zisizo na mwenyewe. Namba 411 hadi 600 ziingie na jina la muda, mfano "HAINA JINA 531". Ukifanya hivyo, mtu akipita juu ya mkeka wa kusoma chipu muda wake unanaswa hata kama jina halijaingizwa, na kazi iliyobaki ni kubandika jina kwenye namba. Chipu ambayo mfumo hauijui inaweza kusomwa bila kutokea popote kwenye orodha, na kuichimbua baadaye ni kazi ngumu.

Fomu iulize tarehe ya kuzaliwa, isiulize umri. Umri unabadilika kati ya siku ya kujaza na siku ya mbio, na wengine hujaza umri wa mwaka uliopita. Mfumo ukokotoe wenyewe.

Halafu angalia faili lenyewe. Ukifungua faili la CSV (orodha ya maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato) moja kwa moja kwenye Excel, sifuri ya mwanzo ya namba za simu inaliwa, na tarehe kama 03/07 inaweza kugeuzwa ikawa Machi 7 badala ya Julai 3. Safu ya simu na ya tarehe uzifanye maandishi matupu wakati wa kuingiza data. Tarehe ziandikwe mwaka kwanza: 1988-07-03. Anayechelewa mara nyingi anaingizwa kwa mkono na mtu mwenye haraka, ndiyo maana makosa haya yanajazana kwenye kundi lake.

Na usitume mafaili mawili, la waliowahi na la waliochelewa. Tuma moja lenye watu wote, lenye tarehe na saa kwenye jina lake, na uwaambie lile la zamani lifutwe. Mafaili mawili yakikutana, kuna mtu atapewa namba ya mwenzake.

Karani Mtulivu

Mi nina mawazo tofauti kuhusu asubuhi ya mbio. Funga. Watu 6 dawatini, giza la alfajiri, mtu hajui saizi yake wala hana chenji, na wale waliowahi wanapangishwa foleni nyuma yake. Usajili wa asubuhi unawaadhibu watu 410 kwa ajili ya 60.

Dawati la Mbele

Karani, hoja ya foleni ni ya kweli, lakini tatizo hilo ni la mpangilio. Ukifunga kabisa, baadhi yao watakuja hivyo hivyo. Watakimbia bila namba, au watavaa namba ya rafiki aliyeghairi. Hilo la pili ndilo la kuogopa: akizimia kilomita ya 8, daktari anasoma jina, damu na simu za mtu aliyeko nyumbani amelala. Pia kijana wa miaka 22 akivaa namba ya mzee wa 55, ameshamnyang'anya mtu ushindi wa kundi lake. Bora mlango mdogo unaosimamiwa.

Mratibu, piga hesabu hii kabla ya kuamua. Mgeni kabisa akijazwa fomu mezani, akalipa, akapewa namba, anachukua kama dakika 4. Watu 60 mara 4 ni dakika 240. Dawati likiwa wazi saa 11:00 hadi 12:15 alfajiri una dakika 75. Hata meza 3 hazitoshi, maana 240 kwa 3 ni 80, na hapo umechukulia kwamba watu wanakuja kwa mpangilio sawa. Hawaji hivyo. Wengi wao watafika dakika 30 za mwisho.

Sasa toa fomu mezani. Bandika msimbo wa QR kwenye bango kubwa mita 10 kabla ya meza. Mtu anajaza na kulipa kwa simu akiwa pembeni, anafika mezani na uthibitisho. Karani anaangalia kitambulisho, anampa namba, anaandika namba hiyo mbele ya jina. Dakika moja na nusu. Watu 60 ni dakika 90, meza 2 zinamaliza kwa dakika 45, na una nusu saa ya akiba.

Watu 6 wagawe hivi: 2 kwenye meza za waliochelewa, 3 kwa wanaochukua namba walizokwishasajiliwa, na 1 asimame huru kwenye bango la QR akisaidia waliokwama. Huyu wa bango asikae chini hata kidogo. Akikosekana, kila aliyekwama anaenda mezani na hesabu yote inavunjika.

Meza za waliochelewa ziwe mbali na za wengine, hatua 15 au zaidi, zenye bango la rangi tofauti. Zikikaa jirani foleni zinaungana.

Nusu ya mzigo utaondoka ukigawa namba siku moja kabla. Na mkitaka kwenda haraka, zipange kwa namba, zisipangwe kwa herufi. Mtumie kila mtu namba yake kwa ujumbe wa simu na ubandike orodha ya majina ukutani kwa waliosahau. Majina yanavuruga: mmoja kaanza na la baba, mwingine na la kwake, karani anatafuta mara mbili.

Mratibu10K

Asanteni sana, hiyo hesabu ya dakika imenifungua macho. Fulana je? Nikiagiza nyongeza ya 60 nigawe vipi saizi? Waliowahi ni S 74, M 148, L 123, XL 65. Na kuna kiongozi wa kundi anataka kuleta watu 25 kwa malipo mamoja, majina "atayaleta baadaye".

Mama Orodha

Fulana kwanza. Kwa uwiano wako, 60 zingekuwa S 11, M 22, L 18, XL 9. Usiagize hivyo. Wa M anaweza kuvaa L, ila wa L haingii kwenye M. Vuta kuelekea juu: S 8, M 20, L 21, XL 11. Kwenye fomu ya waliochelewa weka sentensi ya kuwekewa alama ya kukubali: "Fulana ni kwa wa kwanza 60 watakaofika kuchukua namba, saizi haina uhakika." Bila alama hiyo fomu isitumike. Na usimwahidi fulana mtu wa asubuhi ya mbio.

Vitu vingine mnavisahau. Pini ni 4 kwa kila namba, kwa hiyo watu 180 zaidi ni pini 720 zaidi. Maji: mkiwa na kituo kimoja kilomita ya 5 na kingine mwishoni, weka vikombe 2 kwa mtu kila kituo, yaani vikombe 720 vya nyongeza. Medali kama hazijachongwa bado, mwaka uandikwe kwenye utepe, usichongwe kwenye chuma. Zitakazobaki mnabadilisha utepe tu.

Kundi la 25: mkubalie, kwa masharti. Hakuna nafasi bila mstari wa jina. Mpe faili lenye mistari 25, kila mtu na tarehe yake ya kuzaliwa, jinsia, simu yake mwenyewe na simu ya dharura, na rejea ya yale malipo irudiwe kwenye kila mstari. Umshikilie nafasi kwa saa 24. Akileta 19 kamili, wanaingia 19. Kubadilisha jina la mtu ruksa mpaka dirisha lifungwe. Baada ya hapo hakuna. Na uangalie kama simu ya kiongozi imejazwa kwa watu wote 25, maana ndivyo viongozi wengi hufanya, kisha taarifa zote za siku ya mbio zinaishia kwa mtu mmoja.

Mkeka na Chipu

Hapo kwenye makundi ndipo majina ya kurudiwa yanapozaliwa. Mtu amejisajili mwenyewe, hakupata uthibitisho, akarudia, halafu na kiongozi wake kamweka. Anakuwa na namba tatu. Panga orodha kwa tarehe ya kuzaliwa, siyo kwa jina, kisha pitia zinazofanana. Jina linaweza kuandikwa kwa namna nne, tarehe ya kuzaliwa hubaki ile ile. Tarehe ikifanana na jina moja likifanana, piga simu uulize.

Na kwa namba za asubuhi: zitolewe kwa mfuatano kutoka juu ya rundo. Meza ya kwanza 531 hadi 560, ya pili 561 hadi 590. Asiruhusiwe mtu kuchagua namba anayoipenda. Zikitoka kwa mfuatano, saa 12:15 unaangalia namba iliyobaki juu ya kila rundo na unajua papo hapo ni wangapi wameingia barabarani. Zilizobaki zifungwe kwenye bahasha na mfumo uzitoe kwenye orodha ya walioanza, vinginevyo mtakesha mkitafuta wakimbiaji ambao hawakuwepo.

Waelekezwe pia wasiikunje namba wala kuificha chini ya mkoba wa kiunoni au koti. Chipu za kwenye namba hazisomeki vizuri zikigusa chuma au zikilalia mwili wenye jasho jingi. Waliochelewa hukosa maelezo haya kwa sababu walipewa namba kwa haraka. Yachapwe nyuma ya namba.

Karani Mtulivu

Dawati la Mbele umenishawishi kuhusu namba za kuazima. Ila saa 12:15 iwe 12:15 kweli. Meza ziinuliwe, siyo zifunikwe. Ikionekana meza, kuna mtu ataiendea.

Mratibu10K

Nimeelewa. Dirisha nalifungua kesho kwa mgawanyo huo huo. Swali la mwisho: mtu wa namba 212 akija asubuhi amepoteza namba yake, nimpe 591, sawa. Ile 212 nifanyeje?

Mkeka na Chipu

Hamisha jina lake kwenda 591 na uifunge 212 hapo hapo kwenye mfumo, usisubiri baada ya mbio. Andika pia kwenye karatasi: "212 imekuwa 591, saa 11:40", na sahihi ya karani. Nakala ya karatasi hiyo mpe daktari na mtu wa mstari wa kumalizia kabla ya saa 12:45. Mtu akitokea barabarani na 212 kifuani, ameiokota, na mtajua kwamba jina lililokuwa kwenye namba hiyo silo lake.