Naomba ushauri: vyumba vya wageni vyenye umbo la kombe la baharini, Nyali, Mombasa

Wadau, salaam aleikum. Kuna mradi wa vyumba 4 vya wageni karibu na ufuo, kila kimoja kama kombe la pwani: hakina kona, ukuta unapinda wenyewe ukawa paa. Ganda ni nondo za milimita 6, tabaka 4 za wavu wa kuku, halafu mota ya saruji 1 kwa mchanga 2, unene milimita 40. Mchanga ni wa mtoni, maana wa ufuoni una chumvi.

Kinachotia wasiwasi ni kutu. Juu ya wavu mota ni milimita 5 tu. Ikikauka haraka juani hufanya nyufa nyembamba kama unywele, upepo wa kusi ukaleta chumvi, chuma kikavimba na plasta ikabanduka vipande vipande. Tumepanga kuifunika kwa magunia yenye maji siku 14. Je, zinatosha? Na wavu uliopakwa zinki unahimili kutu, au bora kuongeza mota na kubeba uzito?

La pili ni joto. Nyumba za Mji wa Kale zina vyumba vyembamba kwa sababu ya urefu wa boriti za mikoko, lakini kuta zake nene za matumbawe hupoza. Ganda jembamba halipozi. Tumewaza tundu kileleni la kutolea hewa ya moto na chokaa nyeupe nje, si rangi ya mafuta, kwani hiyo hufungia unyevu.

Aliyewahi kujenga kuba hapa pwani, tundu aliliziba vipi mvua ya masika isiingie?