Peugeot 404 ya 1967: fundi anataka kujaza fila juu ya kutu

Saluni404, Mbale
Habari zenu wakubwa. Nina 404 saluni ya 1967, ya kabureta moja, iliyokaa bandani miaka mingi. Nataka siku moja niipeleke Concours ya Nairobi, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, ila sina haraka. Injini inazunguka kwa mkono lakini bado haijawashwa. Kutu imekula boksi za chini ya milango pande zote mbili, sakafu upande wa dereva na ukingo wa nyuma wa madigadi ya mbele. Rangi iliyopo ni nyekundu, ila ukifungua buti unaona kijivu chini yake. Fundi wa bodi anasema atasugua, ajaze fila (ule udongo wa kusawazisha bati), apige praima na rangi, wiki mbili amemaliza. Nimkubalie? Na je, nianze na bodi au injini?

BatiKatwe
Usimkubalie. Fila inanyonya unyevu, na kutu ya boksi za 404 inatoka ndani kuja nje. Vumbi la murramu huingia kupitia matundu ya maji, likilowa halikauki. Ukifunika kwa juu, mvua za Machi hadi Mei zikipita utaona malengelenge kwenye rangi mpya.

Kata hadi ufike kwenye chuma cheupe, hata kama tundu linakuwa kubwa kuliko ulivyotarajia. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Kwa hiyo, kabla ya kukata, funga mirija ya pembe nne ya mm 25 ndani ya uwazi wa milango, toka nguzo ya mbele hadi ya katikati, na toka katikati hadi ya nyuma. Fanya upande mmoja uumalize ndipo uende wa pili. Stendi ziwe chini ya sehemu zinazobeba springi, zisiwe katikati ya sakafu. Pima nafasi ya kila mlango na uiandike. Ukishaunganisha boksi huku bodi imelegea, mlango hautafunga tena sawasawa, na hakuna rangi itakayoficha hilo.

Bati la boksi liwe mm 1, la madigadi mm 0.8. Mafundi wengi huchukua bati la paa kwa sababu lipo karibu. Geji 28 haifiki hata nusu milimita, na zinki yake ikiungua weldi inakuwa na vishimo na moshi wake unaumiza kifua. Tumia MIG (weldi ya umeme inayojilisha waya yenyewe), waya wa mm 0.6. Piga nukta moja, ruka hadi upande wa pili, subiri ipoe, kisha rudi ujaze katikati kidogo kidogo. Usipoze kwa kitambaa chenye maji, bati litajikunja. Kuchomelea kwa moto wa gesi kuache kabisa kwenye sehemu pana kama mlango au bonneti.

Chuma kikiwa tupu, piga praima ya epoksi siku hiyohiyo. Fila inakuja juu ya epoksi iliyokwanguliwa, isizidi mm 2 au 3, na kazi yake ni kusawazisha tu. Msasa P80, halafu P180, praima nene ya 2K (ile inayochanganywa na kigumishi), ukungu mwepesi wa rangi nyeusi ili uone mabonde, P400, kisha P600 kwa maji. Usitumie maji ukiwa bado kwenye fila.

Rangi ya selulosi ipige asubuhi siku kavu. Thina ikiruka inapoza bati, umande unatua juu yake na rangi inaota weupe. Thina ya polepole inasaidia, lakini hewa ikiwa nzito ahirisha tu. Ukitumia 2K, kigumishi chake kina isosayaneti. Barakoa ya vumbi haizuii chochote hapo, unahitaji ile ya kupelekewa hewa safi kwa mpira.

MolasiJinja
Kwa vipande vidogo vya chuma (bawaba, mabano, kulabu za bonneti) usihangaike na brashi ya waya. Nunua molasi ya viwanda vya sukari, changanya sehemu 1 kwa maji 9 kwenye pipa la plastiki, tumbukiza kati ya siku 7 na 14. Kutu inatoka bila chuma kuliwa, hata ndani ya nyuzi za bolti. Kifuniko usikikaze, mchanganyiko unachacha na kutoa gesi. Pia weka mbali na nyumba, harufu yake haivumiliki.

Aluminiamu na zinki zisiingie humo kamwe, zinayeyuka. Maana yake kabureta, pampu ya petroli na vitasa vibaki nje. Ukitoa kipande, suuza kwa maji yenye nguvu, kausha kwa joto, paka praima papo hapo. Ukikiacha kwenda kunywa chai unakuta kimeshapata rangi ya chungwa.

OiliNaPistoni
Mimi ningehakikisha kwanza injini ni nzima, ndipo upige rangi. Hutaki kushusha injini juu ya madigadi mapya.

Usiipige stata. Plagi za 404 zimezama ndani sana, puliza mashimo kwa kompresa kwanza, la sivyo uchafu wote unaangukia kwenye pistoni. Toa plagi, weka ml 10 hivi za oili kila silinda, acha usiku kucha, zungusha kwa hendeli ya mbele. Ikizunguka laini mizunguko kadhaa, pima mgandamizo.

Kama lazima ufungue silinda hedi, kumbuka laina za injini hii (mirija ambamo pistoni hutembea) zimezungukwa na maji ya kupozea, zimekaa juu ya sili za chini kwa kubanwa na hedi tu. Hedi ikitoka, usizungushe kranki kabla ya kuzibana laina kwa bolti na washa pana. Pistoni ikiinua laina hata kidogo, sili inaachia na maji yanaingia kwenye oili. Hapo ni kushusha injini nzima.

Nafasi za vali injini ikiwa baridi: inleti mm 0.10, egizosti mm 0.25. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, lakini Peugeot inahesabu silinda namba 1 upande wa flaiwili. Ukihesabu toka kwenye radieta, taiming itakusumbua wiki nzima.

Giaboksi inatumia oili ya injini, 20W40. Difu ni ya skrubu na gurudumu la shaba, kwa hiyo usimwage GL-5 (daraja la oili ya difu) yoyote unayoiona dukani.

Kisekka_Spea
GL-5 watu wanaweka kwenye kila difu na magari yanatembea. Mnatisha watu bure.

OiliNaPistoni
Difu za kawaida ni chuma kwa chuma, kaka. Hapa kuna shaba, na dawa za salfa za baadhi ya GL-5 zinaila shaba hiyo difu ikipata joto. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni salama kwa shaba. Na kama ndani kuna oili ya zamani ya mbarika, osha yote kwanza, haichanganyiki na ya madini, inaganda.

Jaji_Pembeni
Upande wa majaji: kung'aa peke yake hakutoshi. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, inataka gari liwe na angalau miaka 30 na lihifadhiwe katika hali sahihi ya kihistoria. AACA, klabu ya magari ya kale ya Marekani, inaanza na pointi 400 na kupunguza, na kupita ubora wa kiwandani hakuongezi pointi hata moja. Kwa hiyo rudisha kile kijivu. Kwangua chini ya mpira wa buti, mahali jua halijafika, upate sampuli ya kulinganisha.

Feni ya radieta ya sumaku-umeme usiitupe, watu wengi huing'oa, na anayeijua 404 ataitafuta kwanza. Vibano vya mipira viwe vya aina ya zamani. Tairi 165-380 ni sawa na 165R15, saizi ya Beetle, hizo zinapatikana.

Na tafadhali, usibandike namba za mashindano. 404 ilishinda East African Safari 1963, 1966, 1967 na 1968, ndiyo maana kila mtu anatamani. Bila karatasi za gari lenyewe, ni mapambo tu.

Mpakani uwe na logbuku na COMESA Yellow Card (bima ya gari ya kuvukia mipaka). Garini weka mtungi wa kuzimia moto. Soma kanuni za mwaka husika kabla ya kulipa kiingilio.

Saluni404, Mbale
Asanteni sana. Nimemwambia fundi asimame. Swali moja: milango na urembo wa pembeni navifunga lini?

BatiKatwe
Mara mbili. Kwanza kabla ya rangi: milango, bampa, taa, raba na urembo wote, uone kama matundu yanakutana na nafasi ziko sawa. Kisha fungua vyote, upige rangi. Siku ya mwisho puliza nta ndani ya boksi na milango, halafu pitisha waya kwenye kila tundu la maji uhakikishe nta haikuliziba.