Kulipa madeni mkiwa wengi: mwenza mmoja, kikundi kidogo au mashindano?

KalamuNaDaftari

Wadau, dawa ya deni ni kulipa, hilo halina ubishi. Kuanza nako si kazi. Kazi ni mwezi wa sita, wa saba, ari imeisha na salio ni kama halijaguswa. Hapo ndipo kulipa mkiwa wengi, kila mtu na deni lake, kunaposaidia sana au kunapoharibu kabisa. Naomba tulinganishe njia tatu.

Ya kwanza ni mwenza mmoja: watu wawili, taarifa mara moja kwa wiki, siku na saa isiyobadilika. Ni rahisi kuanza na siri inakaa. Ubaya wake, mmoja akinyamaza wiki mbili, mwingine hana tena wa kumsubiri, na mpango unakufa bila mtu kutamka kwamba umekufa.

Ya pili ni kikundi cha watu wanne hadi sita. Mmoja akikosa, mazungumzo yanaendelea. Mkizidi hapo watu huanza kujificha nyuma ya wenzao, taarifa ya mmoja isipoletwa hakuna anayegundua.

Ya tatu ni mashindano: jedwali moja, majina yote, aliyelipa zaidi anakaa juu. Hii inawasha moto haraka kuliko zote, na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote.

Mimi naegemea ya pili. Wenye hesabu karibuni.

HesabuKwanza

Mkuu, kabla ya kuchagua watu, chagua utaratibu wa kulipa, maana ndio utakaoamua una nini cha kuripoti. Tuchukue madeni matatu:

A: 60,000, riba asilimia 12 kwa mwaka, kiwango cha chini 4,000 kwa mwezi
B: 150,000, riba asilimia 18, kiwango cha chini 6,000
C: 400,000, riba asilimia 30, kiwango cha chini 15,000

Uwezo wa mlipaji ni 40,000 kwa mwezi, yaani 15,000 juu ya viwango vya chini. Riba inahesabiwa kila mwezi kwenye salio. Deni likiisha, rejesho lake lote linahamia kwenye linalofuata.

Akilipa dogo kwanza (A, kisha B, kisha C), A linafungwa mwezi wa 4, B mwezi wa 10, C mwezi wa 20. Riba yote kama 150,700.

Akilipa lenye riba kubwa kwanza, anamaliza yote mwezi wa 19 na riba ni kama 129,200. Anaokoa 21,500 hivi. Lakini tazameni kitu kimoja: hakuna deni hata moja linalofungwa kabla ya mwezi wa 17. Miezi 16 analipa, na idadi ya madeni ni ile ile matatu.

Kuna na mseto: futa A kwanza, kisha geukia C, halafu B. A mwezi wa 4, C wa 17, B wa 19. Riba kama 137,100. Yaani kufunga lile dogo mapema kunamgharimu kama 7,900 tu kuliko njia ya bei nafuu kabisa.

Kwa hiyo uchaguzi wa watu na uchaguzi wa utaratibu ni uamuzi mmoja. Mwenye kikundi imara aende na riba kubwa kwanza, kwa sababu kikundi ndicho kitakachombeba ile miezi 16. Aliye na mwenza mmoja asiyemjua vizuri, au yuko peke yake, achukue mseto. Dogo kwanza moja kwa moja simshauri mtu ambaye riba zake zimeachana namna hii. Riba zikikaribiana, mathalani asilimia 15 na 17, fuata unachopenda, tofauti ni ndogo.

TaarifaYaJumapili

Hiyo miezi 16 isiwatishe, shida yake ni kwamba watu wanahesabu kitu kisichosogea. Kwenye mfano huo, kwa riba kubwa kwanza, ripoti *riba ya mwezi ya deni C*. Mwezi wa kwanza inakula 10,000. Mwezi wa 5 inakula kama 7,900. Mwezi wa 10 imefika 5,000, nusu. Namba hiyo inashuka kila mwezi bila kukosa, mradi huongezi deni. Kikundi kikiisikia kila mwisho wa mwezi, kinaona kazi inafanyika.

Kwa taarifa ya wiki, mistari mitano inatosha:

*Ahadi ya wiki: 3,500. Nimelipa: 3,500. Deni jipya: hakuna. Wiki ijayo: 3,500, siku ya Alhamisi. Kikwazo ninachokiona: bima inaisha tarehe 12.*

Mstari wa mwisho ndio wenye thamani kuliko yote. Mtu akiandika kikwazo siku kumi kabla, wenzake wanaweza kumuuliza bima hiyo inalipwa kutoka wapi. Akikiandika baada, kimeshageuka kuwa udhuru.

Nusu_Kwa_Nusu

Kwa nini mnayaonea mashindano? Watu wengi hawasukumwi na upole. Jedwali linaloonyesha nani yuko mbele linawafanya walipe leo badala ya keshokutwa.

HesabuKwanza

Linawafanya walipe, ndiyo. Tatizo ni kinachopimwa. Mwenye deni la 60,000 na mwenye 610,000 wakilipa 20,000 kila mmoja, wa kwanza amepunguza theluthi, wa pili hajafika hata asilimia 4. Ukipima kwa asilimia, mwenye deni kubwa hashindi kamwe. Ukipima kwa kiasi, anashinda mwenye kipato kikubwa, hata kama amezembea.

Na kuna balaa la pili, baya zaidi. Mtu anamwaga fedha yote kwenye deni tarehe 1 ili akae juu ya jedwali, tarehe 18 hana ya matumizi, anakopa tena, mara nyingi kwa riba kubwa kuliko ya lile alilolipa. Jedwali linamwonyesha bingwa kumbe salio lake la jumla limepanda.

Ukitaka mashindano, pima kitu kimoja: wiki ngapi mfululizo mtu ametimiza ahadi aliyojiwekea mwenyewe, bila deni jipya. Mwenye ahadi ya 500 na mwenye ahadi ya 10,000 wanakuwa sawa. Tena weka kikomo cha wiki nane, kisha mpumzike. Mashindano yasiyo na mwisho huwaacha walioshindwa mapema bila sababu ya kuendelea.

Nusu_Kwa_Nusu

Kwa kipimo hicho nakubali. Lakini wiki nane ni chache, ningeweka kumi na mbili, ili malipo ya mwisho wa mwezi yaingie mara mbili au tatu.

MtunzaMafaili

Naongeza mambo ya karatasi, kwa sababu ari nyingi hufia hapo. Mtu analipa ziada miezi mitatu, anaangalia salio, halijashuka alivyotarajia. Sababu ni mbili.

Moja, mkopeshaji amechukua ile ziada kama rejesho la mwezi ujao lililolipwa mapema, hakuipeleka kwenye salio la msingi, yaani kiasi ulichokopa kilichobaki, bila riba. Unapolipa ziada, andika maelekezo kwamba ipunguze msingi, kisha angalia taarifa inayofuata kama wamefanya hivyo. Uliza pia kama kuna adhabu ya kumaliza mapema.

Mbili, mkopo wa riba isiyoshuka. Mkopo wa 100,000 kwa miezi 12, "riba asilimia 20", rejesho 10,000 kila mwezi, jumla 120,000. Hapo riba imepigwa kwenye kiasi chote tangu siku ya kwanza, wakati wewe unapunguza kila mwezi. Ukiigeuza iwe riba ya salio linaloshuka, ni karibu asilimia 35 kwa mwaka. Msiuweke mkopo huo kwenye orodha kama wa asilimia 20, mtaupanga vibaya. Na kabla ya kuulipa mapema, omba kwa maandishi hesabu ya kumaliza deni leo. Ikiwa wanadai riba yote ya miezi iliyobaki, kuulipa mapema hakukuokolei kitu, peleka ziada kwenye deni jingine.

Halafu madeni ambayo ukikosa unapoteza makazi, umeme au chombo cha kazi hayamo kwenye ubishi wa dogo au riba. Yanalipwa mbele ya yote.

mlipaji_kimya

Nina swali. Mtu akiteleza, kikundi kifanye nini? Naona hapo ndipo vikundi vingi vinapovunjika.

TaarifaYaJumapili

Ni kweli, na mara nyingi aliyeteleza haondoki kwa sababu ya deni, anaondoka kwa sababu ya aibu. Kubalianeni siku ya kwanza, kabla mtu hajateleza, kwa sababu baadaye kila sheria itaonekana imetungwa kwa ajili yake.

Utaratibu unaofanya kazi: anayekosa ahadi anaandika ndani ya saa 48, vitu vitatu tu, kiasi alichokosa, kilichotokea, na tarehe ya malipo yajayo. Wengine hawahubiri. Mmoja, aliyepangwa zamu wiki hiyo, anauliza swali moja: ahadi ya wiki ijayo ibaki au ishuke? Mara nyingi ishuke. Ahadi ya 1,500 inayotimizwa inamrudisha mtu kwenye mstari, ya 3,500 inayokosekana mara ya tatu inamtoa.

Asiyeandika kabisa wiki mbili apigiwe simu na mtu mmoja, si kutajwa mbele ya wote. Na faini msiweke. Mtu anayedaiwa kila upande mnamwongezea deni la kikundi, atalikimbia hilo kwanza kwa sababu ndilo rahisi kulikimbia.

KalamuNaDaftari

Hilo la faini nimelichukua.

Mimi niongeze kuhusu picha ya ukutani, maana wengi huichora vibaya. Chukua karatasi ya miraba, kila mraba ni 5,000. Deni la 610,000 ni miraba 122. Kosa ni kupaka rangi kwa kufuata ulicholipa. Mwezi wa kwanza katika ule mfano unalipa 40,000, unapaka miraba minane, unafurahi. Lakini riba ya mwezi huo kwa madeni yote matatu ni 12,850, kwa hiyo salio limeshuka 27,150 tu, miraba mitano na kidogo. Miezi kumi baadaye karatasi inasema jambo moja na taarifa ya mkopeshaji inasema jingine, na mtu anahisi ameibiwa. Paka rangi kwa kufuata salio, siku unapopata taarifa, kalamu mkononi.

mlipaji_kimya

Asante. La mwisho: ni lazima kutaja kiasi cha deni kwa wenzako? Kuna watu hawako tayari.

MtunzaMafaili

Si lazima. Kikundi kinaweza kuishi kwa ahadi na utekelezaji peke yake, jumla ya deni ikabaki siri ya mtu. Kisichoweza kufichwa ni deni jipya. Anayeficha hilo anaudanganya mpango mzima, na ushauri anaopewa haumfai.

Namba za akaunti, nywila na nakala za vitambulisho zisiingie kwenye kikundi, hata kwa nia njema. Ukituma picha ya taarifa ya salio, funika jina na namba.

Na fedha isitoke mkono mmoja kwenda mwingine ndani ya kikundi. Msikopeshane, msidhaminiane. Mkopaji akishindwa, mdhamini ndiye anayelipa, kwa hiyo siku mwenzenu akikwama mtakuwa na watu wawili wenye shida badala ya mmoja, na mmoja wao hataki tena kusoma taarifa za mwenzake.

HesabuKwanza

Kwa anayetaka kuanza wiki hii: siku ya kwanza kila mtu aandike madeni yake kwa salio, riba, kiwango cha chini na tarehe ya kulipa. Siku ya pili atenge akiba ndogo ya dharura, walau inayotosha viwango vya chini vya mwezi mmoja. Katika mfano wetu ni 25,000. Bila hiyo, kifaa kimoja kikiharibika kinamrudisha kwa mkopeshaji. Ziada yoyote ya kulipa deni ianze baada ya hapo. Kisha chagueni siku ya taarifa iwe siku moja au mbili baada ya watu wengi kupata kipato, fedha ikiwa bado ipo.