Naomba ushauri: meza ya katikati sebuleni ipendeze bila kutunyima nafasi

Habari zenu wapendwa. Nina meza ya mbao ya mstatili, urefu sentimita 120, upana 60, na iko mbele ya kochi la watu watatu. Ndiyo hiyo hiyo tunayowekea chai, rimoti na chaja, na jioni watoto huigeuza dawati.

Nilianza na chombo kirefu cha maua. Kilipendeza siku mbili tu, kisha kila anayekaa akawa anakisogeza aone runinga. Nikajaribu sinia la duara lenye mshumaa, kimmea kidogo na vitabu viwili vilivyolazwa. Hapo pakatulia kidogo, ila sinia lenyewe limemeza katikati yote na vikombe vinaning'inia ukingoni. Kitambaa sitaki tena, kinateleza. Nikiiacha tupu, nayo inaonekana kama tumehama jana!

Naomba mnisaidie mawili. Sinia nilisogeze upande mmoja, au nitafute dogo zaidi libaki katikati? Na rimoti na chaja mnazificha wapi ikiwa meza haina droo wala rafu ya chini? Nimefikiria kikapu chenye mfuniko, ila nahofia kitaongeza msongamano.