R53 yenye puli ya 15%: nibaki na injekta za 330, niweke 380, au niruke hadi 550?

Kabati_R53 (Nairobi)
Wadau, habari za jioni. Gari ni Mini Cooper S ya 2005, R53 yenye supachaja (pampu ya kusukuma hewa kwenye injini) ya Eaton M45. Ilitoka kiwandani na farasi 170. Desemba nilifunga puli ya supachaja iliyo ndogo kwa 15%, mkanda mfupi na plagi baridi hatua moja, kisha ikafanyiwa tyuni (kupangwa upya mafuta na cheche kwenye kompyuta yake) hapa Nairobi. Injekta (nozo zinazonyunyizia petroli) hazijaguswa, bado zile za cc 330 kwa dakika.

Juzi alfajiri nilishuka njia ya Kajiado kabla malori hayajaamka, laptopu imechomekwa kwenye OBD (plagi ya kusomea kompyuta ya gari) na mke wangu anaishika. Gia ya tatu, mguu chini, mizunguko 6,500: injekta ziko wazi asilimia 84 ya muda. Hewa kwa mafuta 12.1. Fundi anasema hiyo ni sawa kabisa, niache kujisumbua.

Nauliza kwa sababu mwezi wa tatu nahamia Mombasa kikazi. Naona njia tatu: kupandisha presha ya mafuta na kubaki na injekta hizi, kuweka 380 zile za JCW (John Cooper Works, toleo kali la gari hili), au kununua 550 na pampu kubwa nisirudi tena kwenye hili suala. Mfuko si wa kuchezea.

Baharia wa Nyali (Mombasa)
Kaka, 84 ya Nairobi si 84 ya huku. Usishuke na hiyo tyuni.

Mimi nilishuka nayo. Gari lilikuwa kama lako, puli hiyo hiyo, tyuni ya gereji moja ya huko juu, na karatasi nzuri ya daino (mashine ya kupima nguvu za gari) nikapewa. Nairobi lilikuwa likiimba. Nimefika Mariakani nikakanyaga nipite trela la kontena, nikasikia mlio kama mtu anatikisa kopo la misumari. Sekunde mbili, labda tatu. Niliachia mguu, nikaendesha pole pole hadi nyumbani. Kuchomoa plagi, ya silinda ya tatu ilikuwa na vidoa vidogo vya fedha kwenye kaure, vinang'aa ukiigeuza juani. Hiyo ni alumini ya pistoni. Kilichofuata nadhani unakijua.

Kabati_R53
Pole sana. Ila sijaelewa. Kompyuta si ina sensa ya presha ya hewa? Ikiona hewa imeongezeka si inaongeza mafuta yenyewe?

MtuWaDaino (Birmingham)
Inaongeza, hadi pale inapoishiwa nafasi. Tupige hesabu.

Supachaja inaendeshwa na mkanda, kwa hiyo inazidisha hewa inayoikuta mlangoni. Nairobi iko karibu mita 1,800 na presha ya hewa huko ni kama bar 0.82. Mombasa ni bar 1.01. Hapo una hewa zaidi kwa asilimia 23, toa kidogo kwa sababu ya joto la pwani, ibaki 20.

Sasa, kwa mizunguko 6,500, injekta moja ina milisekunde 18.5 kati ya zamu yake moja na nyingine. Asilimia 84 ni milisekunde 15.5. Ongeza 20%: unahitaji 18.6. Muda wote uliopo ni 18.5. Injekta itakuwa wazi moja kwa moja na mafuta hayatoshi, na kompyuta haina la kufanya. Mchanganyiko ukikosa mafuta hujilipukia wenyewe ndani ya silinda: hiyo ndiyo misumari aliyoisikia Baharia.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawaliangalii. R53 haina bomba la kurudisha mafuta. Kidhibiti cha presha kimo ndani ya tangi pamoja na filta, kimewekwa bar 3.5, na hakijui kinachoendelea kwenye manifoldi. Busti (presha ya hewa inayosukumwa na supachaja) ikifika bar 1, injekta inasukuma mafuta kwa tofauti ya 2.5 tu. Nairobi busti yako ni ndogo, kwa hiyo adhabu hii ni ndogo. Pwani inakua.

Chuma_Chakavu (Arusha)
Mkuu umetisha. Nilidhani kupanda mlima ndiko kunaua injini, kumbe ni kushuka.

Nozo_na_Plagi (Dar)
Wakuu, kwa hesabu hizo naona jibu ni moja: 550 na pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa, mchezo uishe. Gari la miaka 20 utalifungua mara ngapi? Nozo kubwa haina dhambi. Ukitumia injekta za kisasa aina ya Bosch EV14, zinatulia kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa) kama za kiwandani. Zile za zamani ndizo zilizokuwa zinachuruza, gari linanuka petroli kwenye foleni ya Mwenge hadi abiria anakuuliza.

MtuWaDaino
Nakubali kuhusu EV14. Lakini ni nani atamwekea namba? Injekta yoyote ina muda wa kufunguka kabla haijatoa kitu, karibu milisekunde moja kwa volti 14, na hubadilika volti zikishuka. Kwa 550, gari likiwa sailensa, unaomba mafuta kwa muda mfupi sana, karibu na huo wa kufunguka wenyewe. Jedwali likikosewa kidogo tu, kukanyaga unakanyaga vizuri, ila asubuhi haliwaki, na ukiwasha AC linazima. Nimeona magari mengi ya namna hii kuliko yaliyoungua pistoni.

Na nguvu hiyo unaitaka ya nini? Injini yenye supachaja inakula kama cc 6 za petroli kwa dakika kwa kila farasi mmoja. Injekta nne za 330, ukizikomea asilimia 85, zinalisha farasi 187. Za 380 zinalisha 215. Za 440 zinafika 249. Za 550 zinazidi 310. M45 yenyewe inaanza kuchemsha hewa zaidi ya kuisukuma kabla hujafika huko. Za 550 wanazihitaji wanaochoma E85 (mafuta yenye ethanoli nyingi), na huko Afrika Mashariki huipati pampuni.

Pampu nayo hivyo hivyo. Farasi 200 ni cc 1,200 kwa dakika, yaani lita 72 kwa saa. Walbro ya 255 ni kumtuma ng'ombe akabebe kikapu.

Baharia wa Nyali
Kwenye pampu naongeza neno. Ya kiwandani inatosha *ikiwa nzima*. Ondoa kiti cha nyuma, upande wa kulia pampu, wa kushoto filta. Yangu nilipoitoa ilimwaga uchafu mweusi kama majani ya chai yaliyolala kwenye birika. Ilikuwa na umri wa gari. Na kabla ya kuilaumu pampu, pima volti kwenye plagi yake injini ikifanya kazi. Yangu ilikuwa 11.6 wakati betri inasoma 13.9. Koneta imeungua ndani, kwa nje safi kabisa. Kubadili koneta kulirudisha presha kuliko kitu chochote nilichonunua.

Chuma_Chakavu
Na ile njia ya kwanza, ya kuongeza presha? Ndiyo rahisi mfukoni.

MtuWaDaino
Ni rahisi na inadanganya. Mafuta yanaongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha. Kutoka bar 3.5 hadi 4 unapata asilimia 7, ukiwa kwenye busti labda 10. Kabati anahitaji 20 na akiba juu yake. Hapo hapo pampu ya zamani inasukuma kwa nguvu zaidi na kutoa kidogo zaidi. Vile visanduku vinavyodanganya sensa ili kompyuta imwage mafuta sivijadili.

Nozo_na_Plagi
Haya, mzee, nimekubali kwenye pampu. Kwenye injekta bado nasimama kati: 440. Akija siku moja kuweka kemu na hedi iliyochongwa, 380 zitambana tena.

MtuWaDaino
440 sina ugomvi nazo. Kwa gari lake zingekaa asilimia 63 Nairobi na kama 76 Mombasa. Za 380 zingekaa 73 na 88, na ukihesabu ile presha inayopotea, 90 na kitu. Ziko ukingoni lakini zinaishi. Uzuri wake ni kwamba JCW ya kiwandani ya farasi 210 ilitumia hizo hizo, kwa hiyo namba zake zinajulikana na kila mwenye programu ya hii kompyuta ya Siemens. Fundi wa kawaida hatakosea.

Kabati_R53
Sasa nimeelewa kwa nini fundi wangu alikuwa na amani. Yeye anakaa Kasarani, huku huku Nairobi juu.

Maswali mawili. Je, tyuni nifanyie Nairobi au Mombasa? Na petroli? Kijitabu cha gari kinapendekeza 98, huku sijawahi kuiona.

Baharia wa Nyali
Tyuni ifanywe chini, kwa hewa nzito na joto. Ukija na ya Nairobi, mstari wa juu kabisa wa jedwali la cheche hajawahi kuufikia mtu, ni kubahatisha. Daino si lazima, ila waidibendi (sensa pana ya kupima hewa kwa mafuta) ni lazima, ile sensa ya kawaida ya eksosi haitakuambia kitu kwenye busti. Lenga 11.8 hadi 12. Petroli tafuta ya oktani ya juu, kituo kimoja kile kile, na mwambie fundi apunguze digrii mbili tatu za cheche. Intakula (kipozea hewa kinachotoka kwenye supachaja) ya hili gari iko juu ya injini: ukitoka foleni ya daraja la Nyali saa nane mchana imeshakuwa pasi ya mkaa.

Na ukaguzi wa mwisho: oili ya supachaja. Mwisho wa M45 kuna gia zinazozungusha pampu ya maji, na oili yake ni ndogo sana. Ikikauka unapoteza supachaja na maji siku moja. Siku supachaja ikitolewa, jaza.

Chuma_Chakavu
Injini ya gari la Mwingereza, iliyotengenezwa Brazili, ikafungwa Oxford, inakuja kufia Mariakani.

Kabati_R53
Sitaki ifie popote. Nimeamua: 380, filta mpya, koneta ya pampu naipima Jumamosi, na gari litashuka na mguu mwepesi hadi lipate tyuni huko. Baharia, uliandika mwaka jana una seti ya JCW uliyoitoa. Bado ipo?

Baharia wa Nyali
Ipo kabatini, imeoshwa kwa mashine na kupimwa mtiririko, ya kwanza na ya nne zinatofautiana cc 4. Sitaki hela kwanza. Njoo na gari zifungwe hapa, tuzisome kwenye laptopu, ndipo unilipe. Na shemeji aje kushika kompyuta, anaonekana hatetemeki mkono.