Umehamia Dar kutoka mkoani: mtaa unakutambuaje?

Mpangaji_Kinyerezi
Wakuu, salaam. Mtu katoka mkoani, kapanga chumba Kinyerezi, kazi yake iko Posta, katikati ya jiji. Anatoka alfajiri, anarudi saa tatu usiku. Mwaka unaisha hata mjumbe hamjui. Aanzie wapi? Naomba hatua, siyo "changamka tu".

Mzee_wa_Kata
Mkuu, aanzie serikali ya mtaa wiki ile ile ya kwanza. Mwenye nyumba ampeleke kwa mjumbe, kisha kwa mtendaji, jina liingie kwenye daftari la wakazi. Wengi hungoja mpaka benki au polisi wadai barua ya utambulisho, ndipo wanazungushwa: mtendaji anauliza mjumbe anasemaje, mjumbe naye hajawahi kumwona. Halafu uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake, kadi ya mpiga kura haitoshi. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa siku 10 tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba.

Mama_Hisa
Barua hiyo ni ya ofisini. Mtaa unakujua msibani. Ukiona turubai limefungwa, pita hata nusu saa, toa rambirambi mkononi kwa anayeandika daftari, kisha shika kazi: kupanga viti, kumenya vitunguu. Ukituma kwa simu jina litaandikwa, sura itabaki ngeni.

Baadaye aingie chama cha kufa na kuzikana, ila katiba aisome kabla ya kutoa kiingilio. Atazame muda wa kusubiri kabla ya kunufaika, faini za kutohudhuria, na hasa nani anahesabika tegemezi. Hapo ndipo wageni huumia: ada analipa, mzazi anafia Songea, kumbe hakumwandikisha, au katiba inagusa misiba ya hapo mtaani tu.

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, asikikimbilie. Mkopo huwa hadi mara tatu ya hisa zako lakini unataka wadhamini humo humo kikundini, na mgeni nani atamdhamini? Angoje mzunguko mpya, maana akiingia katikati atadaiwa hisa za nyuma.

Kijiweni
Kama ni Mkatoliki, aende jumuiya ndogo ndogo, sala za majirani, mara nyingi Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba. Misa ya Jumapili watu ni wengi mno, hakuna atakayeuliza uko wapi. Aje na barua ya jumuiya alikotoka, la sivyo siku ya kubatiza mtoto atakwama.

Mpangaji_Kinyerezi
Shukrani. Na huyu anayerudi usiku kila siku?

Fundi_Luku
Aanze na uani. Ugomvi wa kwanza huwa LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya kuchangia: mwenye friji na mwenye taa mbili wanatoa sawa. Kila chumba kifungwe mita ndogo, uniti zisomwe siku moja mbele ya wote. Zamu ya kuosha choo asilipie mtu amfanyie, watu wanahesabu. Halafu anyoe mtaani, siyo Posta. Kinyozi akishamjua, wiki mbili zinatosha mtaa nao umjue.