Tupeane uzoefu: picha ya kutisha uliyoiona mara mbili, ya mwanzo na iliyorudiwa

Mleta mada, Uyole
Wakuu, poleni na baridi. Huku ukungu haujaondoka tangu asubuhi, nimejikunyata na jiko la mkaa.

The Ring ya Marekani, ile ya 2002, niliiona nikiwa kidato cha nne, kibanda umiza cha Mwanjelwa, imetafsiriwa. Mtafsiri hakufunga mdomo hata dakika. Samara, yule binti mzimu wa kwenye mkanda wa video, anatoka kisimani, anajikokota, anatokeza kwenye TV, jamaa anasema: "Karibu mama, vua viatu." Kibanda kizima kicheko. Nikaenda zangu kulala fofofo.

Juzi nimeipata Ringu yenyewe, ya Wajapani, 1998. Humu hakuna wa kukusemea. Kimya. Sadako, ndiye Samara wao, anatembea kama mtu aliyefungwa viungo upande usio wake, na kumbe mwigizaji alitembea kinyumenyume, halafu wakairudisha picha nyuma. Uso huuoni, unaona jicho moja tu. Wamarekani wamekuonyesha uso, wakakuongezea na farasi anayejirusha majini kutoka kwenye kivuko.

TV yangu ya chogo nimeigeuzia ukutani. Nina miaka arobaini na moja na watoto watatu. Ninyi je?

Wa Mafinga
Mkuu, umesahau kwamba ule mkanda ukiutazama unakufa baada ya siku saba, na dawa yake ni kutoa kopi ukamwonyesha mwingine kabla hazijaisha. Sasa mimi enzi hizo nilikuwa nakodisha mikanda. Deki mbili, waya katikati, usiku kucha narekodi. Kopi ya kopi ya kopi, Samara mwenyewe chenga tupu, nywele utazikisia. Kwa hesabu hiyo mimi sifi leo wala kesho.

Dada wa Njombe
Kisima hakikunitisha. Kilichonimaliza ni mwisho. Kwenye ya Marekani mtoto anauliza, huyo tutakayemwonyesha itakuwaje? Mama kimya, yakaishia hapo. Wajapani hawakukuachia nafasi hiyo. Reiko, mama wa mtoto Yoichi, yuko barabarani na deki yake, anampigia baba yake simu: nina ombi, kwa ajili ya Yoichi. Yaani mkanda anampelekea babu!

Niliiangalia na baba sebuleni, anamenya viazi. Mimi nikaanza kumlaani yule mwanamke, mtu gani anamtoa baba yake mzazi. Baba akanyamaza mpaka majina ya waigizaji yakaanza kupita, ndipo akasema, "Kosa lake hakumwambia ukweli. Angemwambia, mzee angeuweka mwenyewe kwenye deki." Akachukua kiazi kingine. Sikulala, na si kwa ajili ya Sadako.

Wa Tunduma
Dawn of the Dead. Ya 1978 zombi wanatembea kama wametoka kilabuni, ya 2004 wanakimbia. Wanaokimbia wanakushtua, basi. Wale wa taratibu wanakupa muda wa kujiuliza kama mlango wa uani umeufunga. Ila damu ya 1978 ni rangi ya ukutani kabisa, tuseme ukweli.

Mwalimu, Iringa
Kamwene. Naona mnawaonea wanaorudia. The Fly ya 1958, jamaa anaingia kwenye mtambo, anatoka na kichwa cha nzi, mchezo umekwisha. Ya 1986, Jeff Goldblum anageuka kidogo kidogo, mwanzoni hata anafurahia nguvu alizopata, mpaka siku anasimama mbele ya kioo ukucha unamtoka mkononi. Nami wiki hiyo nilikuwa nimejikwaa Gangilonga, ukucha wa dole gumba la mguu unaning'inia. Nilizima, nikaenda kukaa jikoni na mke wangu. Hadi leo sijui yule nzi aliishiaje, na msinisimulie.

Psycho ya 1998? Karibu tukio kwa tukio ni ile ile ya 1960, imetiwa rangi. Huyo ni mwanafunzi aliyenakili hadi jina la mwenzake.

Mleta mada, Uyole
Mwalimu, nimekuelewa, nitaitafuta. Dada, mzee msalimie sana, nami nina mabinti, nimeanza kuwaangalia kwa jicho jingine.

Umeme ulikatika hapa, umerudi sasa hivi. TV imejiwasha, bado imeangalia ukuta, nasikia chenga zinavuma.

Wa Mafinga, uko hewani? Zile deki bado unazo?